Sauti ya Saa Nne

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza nayo mafua. Dada, ambaye amestaafu uuguzi lakini hajastaafu kuuguza, amenifunga shingo kwa mtandio na kunikataza kwenda kazini. Nikamwambia Saa ya Muziki haina mtu wa kuishika. Akasema na yeye hana mdogo mwingine.

Nikaenda. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa nne kamili asubuhi, kituo chetu cha redio hutoa sauti moja tu, La ya do-re-mi, kwa dakika nzima. Ni santuri ya zamani, mtu anavuta uzi mmoja wa fidla bila kupumzika. Watoto arobaini na mmoja wa shule tatu hukaza nyuzi za fidla zao kwa sauti hiyo. Kisha naweka muziki wa klasiki mpaka saa tano, huku naueleza kidogo kidogo. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nilipoanza walisema ni muziki wa kusindikizia maiti, na sasa santuri ikikwama, mwoka mikate wa mtaa wa pili anakuja mwenyewe kuuliza kulikoni, unga mpaka kwenye nyusi.

Jumanne, Machi 5

Mafua. Mvua. Nimezungumza redioni kwa sauti ya chura.

Jumamosi, Machi 9

Sikio la kushoto limeziba kabisa. Dada anasema nikaonwe na daktari. Sijawahi kupeleka masikio hospitali kwa ajili ya mafua, na sitaanza leo.

Jumamosi ni siku ya masomo katika chumba cha nyuma ya kituo. Wamekuja kumi na wanane, wamelowa chapachapa. Kimya alikuwa wa kwanza kama kawaida. Ni binti wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ana miaka kumi na tano, na jina hilo wamempa wenzake kwa sababu anaweza kukaa nao asubuhi nzima asiseme neno. Alipokuwa na miaka minane alimwambia mama yake kwamba cherehani ikikimbia sana inaimba ile sauti ya redio ya saa nne. Mama akanisimulia akicheka. Nikaenda na fidla yangu, nikamwambia akanyage pedali. Ilikuwa La, safi kabisa. Tangu siku ile mtoto ni wangu.

Mtihani wa kuingia chuo cha muziki ni Mei 16. Chuo huchukua wanafunzi mara moja kila miaka miwili, na hakichukui aliyezidi miaka kumi na sita. Kimya ana nafasi hii moja, hakuna ya pili. Nimefundisha miaka thelathini na moja na sijawahi kupeleka mtoto pale. Natamani jambo hili mpaka naona aibu.

Alhamisi, Machi 14

Sikio limezibuka, namshukuru Mungu. Lakini piano imepanda sauti. Kila msimu wa mvua hupanda kidogo, ubao wake wa ndani hunywa unyevu, ukavimba na kuzikaza nyuzi. Hilo analijua kila mwenye piano. Mwaka huu imezidi, ni karibu nusu sauti nzima, yaani umbali wa kibonye kimoja hadi cha jirani. Nimeifunga na ufunguo nimeutia mkobani. Hakuna kuigusa mpaka kukauke na mtengeneza piano aje.

Ijumaa, Machi 15

Na mashine ya santuri nayo imepanda! Nilipoweka La leo nilishtuka.

"Fundi," nikasema, "mashine inakimbia."

Fundi mitambo wetu ni mtu wa miaka arobaini, mvivu wa kusema na mwepesi wa kukaa. Akapiga magoti, akatazama vidoti vilivyochorwa pembeni mwa sahani. Sahani ikizunguka kwa kasi yake, vidoti vile huonekana vimesimama chini ya ile taa ndogo. Ikikimbia, sauti hupanda na vidoti huonekana vinakwenda mbele.

"Vimesimama, Mwalimu."

"Nakwambia inakimbia."

"Labda ni mafua, Mwalimu. Sikio likiziba..."

"Limezibuka jana."

"Lakini vidoti..."

"Vidoti havina masikio. Punguza."

Akapunguza. Nilimsimamia mpaka La ikakaa pale ninapoijua mimi. Vidoti vilikuwa vinarudi nyuma mbio mbio. Fundi akavuta daftari la mitambo, akaandika kitu. Nikamwacha aandike, angalau kwa mara moja mkono wake ulikuwa na kazi.

Jumamosi, Machi 16

Leo nimelazimika kumrudi Kimya. La ilipotoka redioni watoto wote walianza kulegeza nyuzi, chumba kizima kikawa kinalia kama banda la mbuzi. Yeye alikaa tu, fidla magotini.

"Kimya, unasubiri mwaliko?"

"Mwalimu, leo redio imeshuka."

Wenzake wakanitazama.

"Redio imeshuka," nikasema, "au wewe ndiye uliyepanda?"

Wakaangua kicheko. Nikamweleza, mbele yao wote, kwamba sikio zuri ni lile linalokubali kurekebishwa, na kwamba mimi nilikuwa nasikia kabla mama yake hajazaliwa. Hilo la mwisho lilikuwa chumvi tu, mama yake amenipita miaka mitatu. Kimya akasema, "Samahani, Mwalimu," akalegeza nyuzi zake zote nne. Nimemsifu mno huyu mtoto, kichwa kimeanza kuvimba. Afadhali nimemshusha mapema.

Jumatano, Machi 20

Msoma habari amenijia juu. Anasema Saa ya Muziki imeingia kwenye taarifa ya saa tano kwa dakika tatu, na si mara ya kwanza wiki hii. "Kwani saa yako, Mwalimu, ina dakika sitini na tatu?" Nikamwambia saa yake ya ukutani inakimbia, atafute fundi. Naona mwaka huu kila kitu katika kituo hiki kinakimbia isipokuwa wafanyakazi.

Alhamisi, Machi 28

Paa la stoo linavuja. Mimi na fundi tumehamisha santuri mia mbili kwa mikono bila kusemezana.

Jumanne, Aprili 2

Jino. Jana nilirekodi kipindi kwenye kanda, fundi akakirusha leo, nami nikatoka kwenda kwa daktari wa meno saa nne asubuhi. Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi kuwa nje saa hiyo.

Nilitembea mitaa miwili bila kupotewa na muziki hata hatua moja. Redio moja ikififia nyuma yangu, nyingine ilinipokea mbele. Kwa fundi cherehani ilikuwa juu ya kabati la vitambaa. Kinyozi alikuwa ameshika wembe hewani, anasubiri ala zitulie ndipo aguse shingo ya mteja. Hospitalini wauguzi wameiweka redio dirishani katikati ya wodi mbili ili wote wasikie, na mzee mmoja mwenye mguu wa plasta alikuwa anaongoza okestra kwa kijiko. Fundi viatu aliwahi kuniuliza ni chombo gani kile kinachonung'unika kama mjomba aliyenyimwa kiti, nikamwambia ni fagoti. Leo fagoti ilipoingia nilimsikia akimwambia mteja wake, "Umemsikia mjomba?" Nilisimama chini ya kibaraza cha watu nikalia. Nilijisemea kwamba hii ndiyo kazi yangu, na kama nikifa kesho sikuishi bure.

Mwoka mikate aliniona akatoka. "Mwalimu, siku hizi muziki umekuwa mzito. Nikikanda nao, mikono inachelewa." Nikamwambia ni uzee wa mikono yake. Akacheka, lakini si kwa muda mrefu.

Jumamosi, Aprili 6

Baada ya somo Kimya alibaki. Akaniuliza kwa sauti ya kuomba radhi: "Mwalimu, tujaribu uma?"

Uma wa sauti ninao, wa chuma, niliachiwa na mwalimu wangu. Ukiugonga unatoa La na huwa haudanganyi. Nikautoa sandukuni, nikaugonga gotini, nikauweka sikioni. Umepanda nao! Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka jana ulianguka kwenye sakafu ya saruji. Uma ukianguka vibaya hupinda mahali ambapo jicho halioni. Nikamweleza hayo, nikautupa kwenye droo.

"Umeridhika?"

Alitazama droo, kisha akanitazama mimi. "Nimeridhika, Mwalimu."

Jumapili, Aprili 7

Nilimsimulia Dada mezani habari ya uma. Aliweka kijiko chini.

"Hebu nielewe, mdogo wangu. Piano imepanda. Mashine imepanda. Uma umepanda. Saa ya yule msoma habari inakimbia. Ni wewe peke yako uliyebaki mahali pako?"

Niliondoka mezani. Sikumaliza chakula.

Alhamisi, Aprili 18

Kimya sasa anakuja kila siku baada ya shule. Nampa mazoezi ya sikio. Napiga sauti moja kwenye fidla yangu, yeye anaitaja. Zamani nilikuwa sijamaliza kuvuta upinde, jibu limeshatoka. Sasa anatulia, ananitazama usoni, ndipo anajibu. Haraka ndiyo iliyokuwa kasoro yake kubwa, na nafurahi anaiacha.

Fundi ameniletea chai bila kuombwa. Alisimama mlangoni kidogo kana kwamba ana neno, halafu akaondoka. Sijui siku hizi ana nini.

Jumanne, Aprili 30

Siku ya kumi ya mvua mfululizo. Nyuzi za watoto zinashika kutu.

Jumamosi, Mei 11

Somo la mwisho kabla ya mtihani. Mama yake Kimya alikuja na gauni alilomshonea, la buluu, mikono imepunguzwa ili asikwame na upinde. Mtoto alipotoka kulijaribu, mama akanivuta pembeni.

"Mwalimu, nikuulize. Huyu mtoto zamani kengele ya baiskeli ikipita ananiambia, 'Mama, hiyo ni Mi.' Mimi wala sijamuuliza. Siku hizi ananiambia, 'Mama, hiyo ni Mi, au siyo?' Mimi nitajuaje, mimi mtu wa sindano?"

"Ni hofu ya mtihani," nikamwambia. "Itaisha."

"Haya. Tumekukabidhi wewe."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Nimekaa nayo kichwani jioni yote.

Alhamisi, Mei 16

Wameondoka na basi la asubuhi, mama na mwana. Chuo kiko mji mwingine, mawimbi yetu hayafiki. Nilitaka kwenda nao ila nani angeshika kipindi? Saa nne nikaweka La na roho yangu iko juu.

Ijumaa, Mei 17

Nilipita kwa fundi cherehani. "Amelala," mama akasema. Ilikuwa saa nane mchana.

Jumatatu, Mei 27

Barua ya chuo imekuja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyempendekeza. Nimeisoma mara nne. Nitaandika kila kitu hapa, kwa sababu sijui mahali pengine pa kukiweka.

Kimya ameshindwa. Katika kupiga fidla amepata alama nzuri, hata baada ya kulazimika kuzikaza upya nyuzi zote kwa piano yao, na uzi mmoja kukatika mkononi mwake. Alikoanguka ni kwenye mtihani wa sikio, yeye ambaye tangu utotoni hakuhitaji kufundishwa sikio. Mtahini ameambatisha ukurasa wa mkono wake mwenyewe. Anasema katika miaka yake ya kutahini hajaona jambo kama hili, na ameona ni haki mwalimu alijue.

Alimwambia mtoto atoe La bila msaada wa chombo. Mtoto akafungua kinywa, akaitoa La yenyewe kwa sauti ndogo sana, kisha akatikisa kichwa, akashuka karibu nusu sauti na kusema, "Hii." Alipopigiwa sauti za piano azitaje, mtahini alikuwa karibu naye akaiona midomo yake. Sauti kumi alizopigiwa, mara tisa midomo ilitamka jibu sahihi papo hapo. Kila mara alisita, akamtazama mtahini usoni, halafu akasema kwa sauti jibu la nusu sauti juu zaidi. Akakosa zote tisa, na ile ya kumi hakuijibu kabisa.

"Nililazimika kuandika alichokitamka," anamaliza mtahini. "Lakini ningependa kujua ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kutojisikiliza."

Niliposoma hapo nilitoa ufunguo mkobani, nikaenda chumba cha nyuma, nikaifungua piano. Nikabonyeza La. Juu. Nikatoa uma kwenye droo, nikaugonga. Juu, sawasawa na piano, bila tofauti hata ya unywele. Kitu kilichovimba kwa unyevu na kitu kilichopinda kwa kuanguka vingepatanaje namna hiyo, miezi miwili, vimo chumba kimoja? Nilikuwa nimevisikiliza vyote viwili kwa nyakati mbalimbali na sikuwahi kuviweka pamoja, kwa sababu nilikuwa sitafuti ukweli, natafuta kosa la vitu. Nikakaa sakafuni nimevaa koti la mvua, na fundi ndiye aliyenikuta.

"Fundi," nikasema, "zile vidoti zako." Nilichanganya hata maneno.

Hakusema, "Nilikwambia." Alikwenda akaleta daftari la mitambo. Kila siku tangu Machi 15, kwa mwandiko wake mbaya: *Kasi imepunguzwa kwa amri ya Mwalimu. Vidoti vinarudi nyuma.* Kurasa nzima nzima. Jumamosi moja ameongeza: *Leo yule binti amesikia. Amechekwa.*

"Kwa nini hukunikatalia?"

"Nilikukatalia mara moja, Mwalimu. Sikuwa na ubavu wa mara ya pili."

Jumanne, Mei 28

Fundi amerudisha kasi. La tumeijaribu ndani tu, haitarushwa hewani mpaka Jumamosi nitakapowaeleza watoto. La ya leo niliisikia kama mtu anayenipigia kelele sikioni, na ndiyo iliyo sawa.

Dada alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio, amenishika mkono kama mtoto. Daktari anasema sikio la kulia limekuwa likifa polepole kwa miaka mingi, nami sikujua, kwa kuwa kazini hutegemea la kushoto. Hilo la kushoto ndilo lililoharibiwa na mafua. Linasikia, lakini linaisikia sauti mahali isipokuwepo. Siku nyingine juu zaidi, siku nyingine chini.

"Litarudi?"

"Huenda. Na huenda lisirudi."

Tulipotoka nilimwambia Dada kwamba alikuwa ameniambia tangu Aprili. Akasema, "Nilikwambia kwa kejeli. Ningekwambia kwa upole labda ungesikia." Tukarudi nyumbani na mwavuli mmoja.

Jumamosi, Juni 1

Saa nne kasoro dakika tano nilifungua maikrofoni. Sikuwa nimeandika kitu. Nikasema: "Tangu katikati ya Machi, sauti ya saa nne niliyowapa ilikuwa ya uongo. Si mashine iliyokosea, ni mimi. Muziki wote mliousikia ulikuwa umeshushwa na kucheleweshwa. Kuna mwanafunzi mmoja aliyeniambia hivyo siku ya pili tu, nami nikamfedhehesha mbele ya wenzake. Alikuwa sahihi. Leo kazeni nyuzi zenu upya, polepole, na mkaze kwa redio hii, msikaze kwa neno langu."

Kisha fundi akaweka La. Katika chumba cha nyuma watoto walikaza. Nyuzi zilizokaa legelege miezi miwili na kushika kutu hazikupenda. Zilikatika kumi na moja, moja ikamchana mtoto shavu. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. Kiti cha Kimya kilikuwa wazi.

Mchana watu wakaanza kuja. Mwoka mikate akasema alijua tangu mwanzo kwamba kuna kitu. Kinyozi alijua. Yule mzee wa mguu wa plasta ametuma muuguzi kusema alikuwa analazimika kupunguza mwendo wa kijiko. Mji mzima ulikuwa unajua, kila mtu kivyake, na kila mtu alidhani kosa liko kwake kwa kuwa redioni ni mimi. Miaka kumi na tisa nimewafundisha kusikia, halafu nimewafundisha kuninyamazia. Zaidi ya fundi na Kimya, msoma habari pekee ndiye aliyesema kitu mwezi Machi, nami nikamtuma akatengeneze saa. Nimemwomba radhi. Akaniambia alikwishanunua mpya.

Mwoka mikate alipoaga alisema, "Usije ukaifunga hiyo Saa ya Muziki, Mwalimu. Iwe juu, iwe chini, sisi tunaihitaji."

Jumatano, Juni 5

Nimemwandikia mtahini kila kitu. Vidoti, uma, kicheko. Nimemwambia mwalimu aliyemfundisha mtoto kutojisikiliza ni mimi, na nimemwomba asimwadhibu yeye.

Mvua imepungua.

Jumatano, Juni 12

Jibu limekuja! Mtahini amezungumza na wenzake. Nafasi moja haijajazwa. Watamsikiliza Kimya tena Ijumaa ya Juni 21, sikio tu, sauti kumi. Akipata saba anaingia.

Nilikimbia mpaka kwa fundi cherehani, mimi na umri huu, kwenye matope. Mama aliisoma barua akiwa amesimama, sindano mdomoni. Akaitoa sindano. "Atakuja Jumamosi," akasema. Hakunikaribisha kukaa, na sikustahili kukaribishwa.

Jumamosi, Juni 15

Amekuja baada ya wenzake kuondoka. Amekonda. Fundi alikuwa ameipima piano kwa chombo chake, ikawa sawa, imepanda kwa kiasi kidogo tu kama piano yoyote msimu wa mvua. Mvua yenyewe haikuwepo leo. Tulikaa mimi na yeye kwenye benchi moja.

Nilimwomba radhi kwanza. Nilimwambia ana kwa ana niliyoyasema redioni, na zaidi.

"Nilisikia, Mwalimu. Mama aliongeza sauti."

"Ulikuwa unajua kwamba uko sahihi?"

"Ile siku ya kwanza, ndiyo."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikakuamini wewe."

Nikasema tuanze. Geuka usitazame vidole vyangu, nikamwambia, na usinitazame usoni. Taja jina la kwanza linalokuja. Akageuka akatazama ukuta. Nikabonyeza sauti moja, nikaiacha ilie mpaka ikaisha.

"Jina la kwanza linalokuja, mwanangu. Usifikiri."

"Sifikiri, Mwalimu. Yanakuja mawili."

"Mawili vipi?"

"Yanakuja pamoja. Zamani lilikuwa moja. Sasa kila nikisikia kitu, kengele, cherehani, kila kitu, yanakuja mawili, na sijui lipi ni langu na lipi ni lako."

Nikabonyeza nyingine. Nikamwona mgongo wake ukikakamaa. Nikabonyeza ya tatu. Akaikalia mikono yake. Mwisho aligeuka, macho yamejaa, akavunja sharti nililomwekea akanitazama usoni.

"Niambie wewe, Mwalimu. Hii ni ipi? Ukiniambia mara moja tu ile ya kweli, labda nitaishika."

Nami nilikuwa nimeisikia sauti ile vizuri, ndani ya sikio langu ilikuwa inalia bado, na sikujua ni ipi. Nilitazama chini kuona kidole changu kiko wapi. Aliniona nikitazama.

Ningeweza kumsomea jina la sauti iliyo chini ya kidole kile, naye angelichukua, kama alivyochukua kila nilichompa. Nikaondoa mkono.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia.

Miaka thelathini na moja sijawahi kumwambia mwanafunzi neno hilo. Akasimama, akanishukuru kwa heshima kama kila Jumamosi, akaegemeza mlango taratibu nyuma yake, akarudi kwa mama yake.